Saiti ya tundu kwa Ruger 10/22 yangu, miezi nane sasa

Kwanza niseme saiti ninayoongelea si saiti ya mjengo, ni ile ya bunduki, vile vyuma viwili unavyopanga na jicho ndio risasi iende pale umeitisha. Niko na Ruger 10/22, ile ndogo ya .22 inayojipakia yenyewe kila ukifyatua, magazini ya risasi 10, modeli iliyotoka 1964 na bado inauzwa. Kazi yake kwangu ni moja tu, kutoboa karatasi Jumamosi asubuhi kwa renji moja (uwanja wa kulenga shabaha) upande wa Kiambu, mita 25 na mita 50. Leseni iko, sefu iko, kwa hivyo msianze.

Sasa, mwaka jana nilifika miaka 47 na shabaha ikaniharibikia. Zamani nikilala chini mita 50 risasi zote 10 zilikuwa zinaingia ndani ya kifuniko cha Blue Band ile ndogo, si ajabu lakini mimi nilikuwa nimeridhika. Zikaanza kutapakaa kama mchele umemwagika. Nikalaumu risasi, nikabadilisha aina tatu, nikaosha mtutu mpaka ukang'aa, nikalaumu kahawa, nikalaumu trafiki ya Muthaiga, yaani kila kitu isipokuwa mimi. Kuna mzee pale renji, mwanajeshi mstaafu, haongei sana, akakuja akasimama nyuma yangu akangoja nimalize magazini.

"Kijana, ukilenga unaangalia nini?"

"Naangalia tageti, mzee."

"Tageti haiendi mahali. Angalia chuma ya mbele."

Nikajaribu, na hapo ndio nikagundua chuma ya mbele siioni. Naona kitu kama moshi. Ndio ugonjwa wenyewe huo: kulenga kwa vyuma kuna vitu vitatu kwa laini moja, saiti ya nyuma, saiti ya mbele na tageti, na jicho linaweza kuweka kimoja tu wazi kwa wakati. Ukiwa mdogo lenzi ya jicho inarukaruka hapa na pale haraka mpaka unadhani unaona vyote pamoja, ukivuka arobaini inakuwa ngumu, hairuki tena. Na zile saiti 10/22 inakuja nazo kiwandani ziko na pengo la kukunja nyuma, juu ya mtutu, na kashanga kadogo ka dhahabu mbele, kwa hivyo pengo ni ukungu, shanga ni ukungu, wewe unakisia tu.

Nikaenda kwa daktari wa macho mjini. Akaniuliza gazeti huwa naliweka umbali gani, nikamwambia daktari, mimi nasoma kitu kiko sentimita 80 kutoka kwa jicho, nimepima na tepu ya fundi nguo. Alinitazama. Miwani alinitengenezea hata hivyo na ilisaidia chuma ya mbele, lakini lile pengo la nyuma likabaki vilevile.

Kabla sijanunua nilijaribu saiti za jamaa mwingine, za kampuni ya Williams, zile za fiba inayokusanya mwanga, nukta kijani nyuma na nyekundu mbele. Kwa kivuli zinapendeza sana, unapanga nukta tatu na umemaliza. Lakini ikifika saa sita jua likiwa utosini ile nukta ya mbele inavimba kama taa ya boda, inafunika duara lote jeusi la mita 50 na hujui kama uko katikati ama uko pembeni. Kwa mtu wa kuangusha makopo mita 20 ningemwambia achukue hizo asiwe na wasiwasi. Redi doti, ile saiti ya betri yenye nukta nyekundu kwa kioo, nayo sikuitaka, macho yangu yako na astigimatizimu (jicho halijakuwa duara sawasawa) na ile nukta naiona kama nyanya imekanyagwa.

Nikachukua saiti za Tech-Sights, modeli TSR200. Hii ya nyuma yake si pengo, ni tundu, na haikai kwa mtutu, inafungwa mwisho kabisa wa bodi, ile sehemu iko nyuma ya mtutu, kwa yale matundu ya skrubu yaliyowekwa kwa sababu ya skopu (darubini ya bunduki). Mbele unapata kijiti kimesimama katikati ya masikio mawili ya kukilinda. Kuna mambo mawili hapa na yote ni ya maana. La kwanza ni urefu. Nilipima zile za zamani, kutoka nyuma mpaka mbele ni kama sentimita 36, hizi ni kama 60. Ukikosea milimita moja tu kwa kupanga, ya 36 inakutupa karibu sentimita 14 kwa mita 50, ya 60 inakutupa 8 na kidogo. Mkono ni ule ule, bunduki ni ile ile. La pili ni tundu lenyewe. Toboa karatasi na pini sasa hivi, toa miwani, angalia maandishi kupitia hako katundu, yatakuwa wazi ghafla. Tundu la saiti linafanya hivyo hivyo, na zaidi ya hapo jicho lenyewe linapenda kukaa katikati ya duara bila kuambiwa, kwa hivyo ya nyuma unaisahau kabisa, unabaki na kijiti na tageti. Vitu viwili badala ya vitatu.

Kuipata si kuagiza tu kama simu, nilipitia kwa dila mwenye leseni na makaratasi yake, ikakaa wiki kadhaa na ikanila 20,000 na kitu.

Kuifunga ndio kulikuwa na drama. Ya nyuma nilifunga mwenyewe na alenki, dakika kumi. Ya mbele inakaa kwa mfereji uliokatwa juu ya mtutu, lazima uigonge iingie kando, nikampelekea fundi fulani aliyeniambia amefanya nyingi. Akagonga na panchi (kile kijiti cha kugongea na nyundo) ya chuma badala ya shaba, kovu liko kwa mtutu mpaka leo, na akaiwacha imeenda kushoto. Sasa saiti ya mbele ikienda kushoto risasi zinaenda kulia, ni kinyume, wengi hapo wanachanganyikiwa, ya nyuma ndio unaisukuma upande ule unataka risasi iende. Nilimaliza karibu marekebisho yote ya nyuma nikijaribu kufidia kazi yake kabla ya yule mzee kutoa panchi ya shaba kwa begi, kunionyesha nishike wapi, akagonga mara mbili, tap tap, ikarudi katikati.

Lalamiko langu kwa bidhaa yenyewe ni skrubu. Baada ya risasi kama 200 ya nyuma ilikuwa inacheza, unaisikia na kidole. Nikashuka Kirinyaga Road nikanunua Loctite ya bluu, ile gundi ya kushika skrubu isilegee, tone moja kila skrubu, haijacheza tena. Msichukue nyekundu, na msikaze kama mnafunga tairi la matatu kwa sababu bodi ya hii bunduki ni aluminiamu, ukila nyuzi umekwisha.

Kingine, kijiti kinang'aa kidogo jua likipiga kutoka kando, na ukingo unaong'aa unavuta jicho upande huo. Dawa ni ya bure, masizi ya koroboi. Nawasha kule nyuma ya nyumba, bunduki tupu na imefunguliwa, napitisha kijiti juu ya ule moshi mpaka kinakuwa cheusi tii, kama mkaa. Mama watoto anasema nimerudi ushago, lakini mpaka jioni masizi yanakaa kama hujagusa na mkono.

Matokeo: nimerudi kwa kifuniko cha Blue Band. Si kidogo kuliko hapo, ni hapo tu, lakini nimerudi, na siku nzuri kuna risasi sita ama saba zinagusana.

Kile hawakuambii ni mwanga. Tundu dogo linakula mwanga, na Nairobi ya Julai mnaijua. Iko na tundu la pili kubwa, unakunja tu, na kwa mawingu ndio natumia, ila chuma ya mbele inarudi kuwa na kaukungu. Jumamosi iliyopita mawingu yalikaa chini mpaka saa tano na nikarudi nyumbani na nusu boksi ya risasi sijapiga.