Mashine ya kukatia majani ya ng'ombe: ya kununua kwanza na ya kuiacha dukani

Muuzaji wa mashine ya kukatia majani atakueleza mambo mawili: ina nguvu farasi (hp) ngapi na inakata kilo ngapi kwa saa. Mdomo wa kulishia hautaji mpaka umuulize. Na vidole vinakatikia hapo hapo mdomoni. Kwa hiyo mashine hizi nimezipanga kwa kuangalia kwanza mkono wa mlishaji unaweza kufika wapi, kisha ndipo kazi, gharama na upatikanaji wa mafundi.

Fanya hesabu hii kabla hujatoa pesa. Mashine yenye visu viwili, inayozunguka mara 600 kwa dakika na kutoa vipande vya sentimita 2, inameza sentimita 2,400 za majani kwa dakika, yaani sentimita 40 kila sekunde. Kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko cha mtu mzima ni kama sentimita 45. Rola, yaani vyuma vya mviringo vinavyovuta majani ndani, zikishika kidole, hujamaliza hata kupiga kelele moja na mkono umekaribia kuingia mpaka kwenye kiwiko.

Jambo hili linajulikana tangu zamani. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1897 kwa ajili ya mashine hizi peke yake. Zile zisizozungushwa kwa mkono zilitakiwa, kadiri inavyowezekana, ziwe na mdomo unaozuia mkono kuvutwa kwenye rola, na gurudumu lenye visu lizibwe. Zaidi ya miaka 120 imepita, na bado mfugaji wa Hai, Rungwe au Kiambu anauziwa mashine yenye trei fupi na gurudumu lililo wazi, tena anaambiwa "uwe tu mwangalifu". Hilo halikubaliki. Mlishaji akichoka jioni, uangalifu wake nao umechoka.

Vitu vya kupima dukani

Nenda na futi. Pima kutoka ukingo wa trei, pale mlishaji anaposimama, hadi rola zinapokutana. Kiwango cha kimataifa cha usalama wa mashine, ISO 13857, kinataka angalau sentimita 85 pale tundu linapoweza kupitisha mkono mzima hadi begani. Mashine nyingi za bei nafuu haziufikii urefu huo. Si lazima uondoke mikono mitupu, kwa sababu fundi wa kuchomelea anaweza kuirefusha trei na kuifunika juu kwa bati nene. Kifuniko hicho cha juu usikisahau. Trei ndefu iliyo wazi juu haijakusaidia, maana mkono utaingilia huko huko juu.

Kisha tafuta mkono wa chuma wa kurudisha rola nyuma. Mwambie muuzaji awashe mashine, aisukume ile nondo mbele ya macho yako, uone rola zinasimama na kugeuka. Hakikisha mlishaji anaweza kuufikia bila kuondoka alipo. Mashine isiyo na mkono huo, au isiyo na rola kabisa ambayo majani husukumwa kwa kiganja mpaka kwenye visu, mimi siinunui hata ikiwa nusu bei.

Angalia pia vichwa vya bolti zinazoshika visu. Vinatakiwa kuwa na maandishi 8.8 au zaidi. Bolti laini ya kufungia mlango ikikatika wakati gurudumu linazunguka, kisu kinatoka kama risasi.

Ya kwanza: mota ya umeme ya hp 3

Kwa mwenye ng'ombe wawili hadi wanane na umeme umefika nyumbani, hii ndiyo chaguo langu bila kusita. Ng'ombe wa maziwa wa kilo 400 anahitaji kilo 60 hadi 70 za matete mabichi kwa siku. Ng'ombe wanne ni chini ya kilo 300, na mashine ya hp 3 inayokata kweli kilo 500 kwa saa itamaliza kabla ya saa kwisha. Hp 3 ni kilowati 2.2 za kazi. Ukiongeza upotevu wa mota, saa nzima ya kukata inakula chini ya uniti tatu. Haina moshi, inazimika kwa kitufe, na kila mji una fundi wa kusuka mota.

Chagua mota ya mizunguko 1,440 kwa dakika badala ya 2,880, na uulize kama imesukwa kwa waya wa shaba. Ya alumini ni nyepesi na rahisi, ila inawahi kuungua ikizidiwa na mabua makavu ya mahindi.

Sasa kuna kitu kimoja ambacho, ingekuwa juu yangu, kingekuwa lazima kwa kila mashine ya umeme: stata, ile yenye kitufe cha kijani na chekundu, ambayo umeme ukikatika inajiachia yenyewe. Fikiria mambo yanavyokwenda kwetu. Majani yamekwama, umeme ukakatika, mlishaji akaona mashine imesimama, akaingiza mkono kuyatoa. Kama amefungiwa swichi ya kawaida ya ukutani, bado iko kwenye "washa", na umeme ukirudi mashine inaanza kuzunguka mkono ukiwa ndani. Yenye stata haiwaki mpaka mtu abonyeze tena. Bei yake ni ndogo sana ukiilinganisha na ya mashine yenyewe.

Usiichomeke kwenye soketi ya kawaida ya ampea 13 iliyopo sebuleni. Mota ya fezi moja ya hp 3 inavuta karibu ampea 13 hadi 16 ikiwa na mzigo, na sekunde ya kuwaka inaruka mara tano au zaidi. Fundi wa umeme avute laini yake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi, kwa kebo ya milimita za mraba 4, pawe na ethi ya kweli iliyozikwa ardhini na kifaa cha kukata umeme unapovuja chenye alama ya 30 mA. Waya mrefu mwembamba wa kuunganisha unapunguza volti, mota inaguna, inapata moto, mwisho inaungua. Na bandani miguu iko kwenye mkojo na maji. Hapo hakuna mzaha na umeme.

Ya pili: gurudumu la mkono

Kwa mwenye ng'ombe mmoja au wawili, au kijiji kisicho na umeme, usiidharau. Ndiyo ya bei ya chini kuliko zote, haili mafuta, na visu vyake fundi yeyote mwenye tupa anavinoa. Nimeiweka juu ya ile ya petroli kwa sababu kasi yake iko mikononi mwa mtu, na gurudumu linaweza kuzuiwa.

Tatizo lake ni watoto. Mmoja anazungusha, mwingine analisha, na anayezungusha haoni vidole vya mwenzake viko wapi. Gurudumu zito likishapata mwendo halisimami ghafla hata ukiliachia. Nunua yenye tundu la kupitishia mnyororo na kufuli, na ifungwe kila baada ya kazi. Anayelisha ndiye atoe amri ya kuzungusha na kusimamisha, naye awe mtu mzima.

Ya tatu: injini ya petroli

Hii ni ya shamba lililo mbali na nguzo ya umeme, au mashine ya kuhamishwa. Injini ya cc 196, inayouzwa kama hp 6.5 au 7, ikifanya kazi ngumu inakunywa lita moja na nusu hivi kwa saa. Ukilinganisha na uniti tatu za umeme, utaona kwa nini iko nafasi ya tatu. Ikiwa mpya huletwa bila oili ndani. Jaza kwanza, kama lita 0.6, ndipo uvute kamba.

Kosa kubwa zaidi ninaloliona kwa mafundi ni kuitoa mota ya umeme na kufunga injini ya petroli kwenye puli zile zile. Mota ya mizunguko 1,440 yenye puli ya inchi 4, ikizungusha puli ya inchi 9 kwenye mashine, inatoa mizunguko 640. Weka hapo injini ya mizunguko 3,600 na visu vinakwenda mara 1,600 kwa dakika. Kasi imepanda mara mbili na nusu, lakini nguvu inayovuta visu kutoka kwenye bolti zake imepanda zaidi ya mara sita. Hesabu ni nyepesi: mizunguko ya injini zidisha kwa kipenyo cha puli yake, gawanya kwa kipenyo cha puli ya mashine. Fundi asiyeifanya mbele yako asiguse mashine yako.

Petroli ina hatari zake pia. Usiiwashe ndani ya banda lililozibwa, kwa kuwa moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu na mifugo. Ongeza mafuta injini ikiwa imepoa. Kabla ya kufungua kifuniko cha visu, chomoa kofia ya plagi, kwa sababu kuzungusha gurudumu kwa mkono kunaweza kuiwasha injini.

Ya nne: dizeli

Ni kwa ushirika, kwa wanaotengeneza sileji (majani yaliyovundikwa) ya msimu mzima, au kwa ng'ombe 20 na kuendelea. Ina nguvu na inadumu. Kwa mfugaji mdogo ni mzigo wa bure.

Ya mwisho: inayokata na kusaga pamoja

Najua inavutia, maana unakata majani asubuhi na kusaga mahindi mchana kwa mashine moja. Lakini nyingi za aina hii zina shingo fupi, hazina mkono wa kurudisha nyuma, na huendeshwa kwa mota ya mizunguko 2,880. Majani mabichi yakikwama kwenye chekecheo, mtu anajikuta anayasukuma kwa kiganja. Kama unahitaji kusaga, peleka kwa mwenye mashine ya kusaga, au nunua ya pili pesa ikipatikana.

Na matawi?

Wengi huuliza kama mashine hiyo hiyo inaweza kusaga matawi ya kahawa au parachichi yaliyopogolewa ili yawe matandazo. Majani na vijiti laini vya miti ya malisho kama lukina au kaliandra, vyembamba kuliko kidole cha mwisho, vinapita. Mti wenyewe haupiti. Utavunja kisu au utapinda shafti. Kwa matawi kuna mashine yake, yenye sahani nzito na visu vya kupasua mbao, ambayo huuzwa kwa kutaja unene wa tawi inaloweza kumeza. Mdomo wake uwe mrefu zaidi, kwa kuwa tawi lenye panda hudaka nguo na kuvuta kwa nguvu kuliko jani.

Kuifunga na kuilisha

Ifunge kwenye sakafu ya zege, kwa bolti, chini ya paa, mbali na njia wanapopita ng'ombe. Trei iwe usawa wa kati ya kiuno na kifua cha mlishaji. Akilazimika kuinama, uzito wa mwili wake unaelekea kwenye rola. Acha nafasi ya hatua mbili pande zote. Bomba la kutolea lielekee ukutani au kwenye hori tupu, kamwe lisielekee kwa watu, kwa sababu jiwe dogo lililojificha kwenye matete hutoka kwa kasi ileile ya visu. Kitufe cha kuzimia kifikiwe na mkono wa kushoto wa mlishaji bila kugeuka.

Kabla ya kuwasha, zima umeme kabisa, zungusha gurudumu kwa mkono mara moja, sikiliza. Kisu kikigusa bamba la chini utasikia mkwaruzo. Nafasi kati yao iwe ndogo kama unene wa karatasi kadhaa, bila kugusana. Visu vinolewe vyote kwa pamoja na vibaki na uzito sawa, la sivyo gurudumu linatetemeka na kulegeza nati.

Kanga, mtandio na mikono mipana ya shati vikae mbali. Nywele ndefu zifungwe. Glavu za kitambaa zilizolegea ni hatari hapa, rola zinazishika kirahisi. Viatu vigumu na miwani ni lazima. Kagua mzigo: kamba ya kufungia, msumari, kipande cha waya. Waya ukipita unaingia tumboni mwa ng'ombe, hasara nyingine hiyo. Vipande vifupi vya mwisho visukumwe na bua refu au fimbo ya mti, isiwe ya chuma.

Yakikwama, rudisha rola nyuma. Yakigoma, zima, chomoa, subiri gurudumu lisimame kabisa, ndipo ufungue.

Ikitokea mtu amekatika kidole, zima mashine, bana jeraha kwa kitambaa safi na uinue mkono. Kidole kifungwe kwenye kitambaa safi chenye unyevu, kiwekwe ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mfuko huo uwekwe juu ya barafu bila kidole kugusa barafu. Kimbieni hospitali pamoja nacho.

Kabla ya kulipa

Andikiana na muuzaji: trei ndefu yenye kifuniko, kinga ya mkanda, kinga ya gurudumu, stata, seti moja ya visu vya akiba na beringi zinazopatikana mjini kwenu. Ukiwa Tanzania unaweza pia kuuliza ofisi ya SIDO (shirika la viwanda vidogo) ya mkoa wako au CAMARTEC (kituo cha zana za kilimo na ufundi vijijini) ya Arusha kuhusu watengenezaji wa hapa nchini, maana mtengenezaji wa karibu anakubali kuirefusha trei kwa kipimo chako kabla hajapaka rangi. Salio la mwisho mpe baada ya kuiona ikikata mzigo wa matete mabichi, sio ikizunguka tupu.