Worldview ya NASA kwa mfugaji nyuki wa miombo: uzoefu wangu wa kufuatilia moshi

Sisi tunaofuga nyuki kwenye misitu ya miombo, Mlele, Sikonge na kwingineko magharibi mwa Tanzania, tunaijua miezi ya hatari: Agosti mpaka mvua za kwanza. Nyasi zimekauka, mashamba yanasafishwa kwa moto, na moto wa wakati huo hauchezewi. Moto huo usipoiunguza mizinga, unababua machipukizi ya mitundu, miti ya miombo iliyokaribia kutoa maua, na asali ya mwisho wa mwaka inakwenda nao. Ndiyo maana kila kiangazi natumia Worldview, tovuti ya bure ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, yenye picha za setilaiti za dunia nzima, kujua moshi unaanzia wapi na unaelekea wapi.

Hakuna kujisajili wala kulipia. Unachagua tarehe, unaivuta ramani hadi kwenu, basi. Picha ya leo hupatikana saa chache tu baada ya setilaiti kupita, na za zamani zinarudi nyuma hadi mwaka 2000.

Mtu wa ukanda wetu ningemshauri kwanza achague setilaiti inayomfaa. Picha za setilaiti za Terra na Aqua ni nzuri, ila huku karibu na ikweta zinaacha mapengo meusi, kwa sababu mkanda zinaoupiga picha una upana wa kama kilomita 2,330 na mikanda ya mizunguko inayofuatana haigusani. Siku nyingine pengo linaangukia kwenu hasa. Kifaa kiitwacho VIIRS, kilichomo kwenye setilaiti za Suomi NPP, NOAA-20 na NOAA-21, kinapiga mkanda wa zaidi ya kilomita 3,000, kwa hiyo hakuna kijiji kinachorukwa. Tena hupita mnamo saa saba na nusu mchana, moto wa porini ukiwa umeshashika kasi. Terra hupita asubuhi, na kwa kuwa mafuta yake ya kurekebisha njia yamepungua, miaka hii muda wake umekuwa ukisogea mapema zaidi.

Kuutambua moshi kunahitaji jicho lililozoea. Mawingu ya mchana ni meupe, yana vibonge na kivuli. Moshi ni wa kijivu chenye ubuluu, laini, na ardhi huonekana kwa mbali chini yake. Zaidi ya yote una chanzo: unaanza mwembamba kwenye nukta moja, kisha unatanuka kufuata upepo. Juu ya maji unaonekana vizuri kuliko popote, maana maji ni meusi kwenye picha. Mimi huanza na Ziwa Tanganyika. Nikiona utando umelifunika, narudi mashariki nao taratibu hadi nifike unakotoka.

Wengi wanaijua FIRMS, ramani nyingine ya NASA yenye vitone vyekundu vya moto, na vitone hivyo unaweza kuviwasha ndani ya Worldview pia. Naviheshimu, lakini peke yake havinitoshi. Kitone cha VIIRS ni katikati ya eneo la mita 375 kwa 375 lililoonekana kuwa na joto. Moto wenyewe unaweza kuwa pembeni, au ukawa umezimika kabla hujafungua simu. Mkia wa moshi unaniambia zaidi. Moto wa shamba mara nyingi hutoa moshi mfupi unaopotea hewani. Moto uliopata pori huchora mkia mrefu, na mkia huo unaonyesha upepo unapeleka wapi. Septemba iliyopita tuliuona mkia wa namna hiyo mashariki ya hifadhi yetu ya nyuki, umelala kuelekea kwenye mizinga. Picha tuliipata jioni, vijana wa kikundi wakaenda usiku uleule kufyeka nyasi chini ya miti iliyotundikwa mizinga. Moto ulifika asubuhi ukiwa dhaifu, ukakosa cha kula.

Worldview ina matabaka, yaani aina za picha unazoziwasha au kuzizima juu ya ramani, na kuna moja ambalo sioni watu wakilizungumzia, la rangi zisizo za kawaida. Linatumia mwanga ambao jicho halioni na ambao moshi mwembamba hauuzuii. Moshi unatoweka kwenye picha, na ardhi iliyoungua inabaki na wekundu wa kahawia katikati ya kijani. Tunalitumia kuangalia makovu ya mwaka uliopita na kupanga, pamoja na maofisa misitu, wapi pachomwe mapema Mei au Juni kabla nyasi hazijakauka kabisa.

Ukiitanua ramani, moyo unauma. Moshi wa Katavi unavuka ziwa, unakutana na wa Katanga, Zambia na Angola, kisha unaingia Bahari ya Atlantiki. Ni mwingi kiasi kwamba kati ya 2016 na 2018 NASA ilirusha ndege za utafiti kutoka Namibia na São Tomé, katika mradi wa ORACLES, kuchunguza jinsi moshi huo unavyokaa juu ya mawingu ya bahari. Ndani yake kuna miombo yetu.

Sasa mipaka yake. Wingu likifunika, huoni kitu. Moto uliowaka jioni na kuzimika usiku wa mapema unaweza kupita bila kuonekana kabisa. Kwa hilo ninaongeza EUMETView, tovuti ya EUMETSAT, shirika la Ulaya la setilaiti za hali ya hewa, yenye picha za setilaiti za Meteosat zinazopigwa kila baada ya dakika 10 hadi 15. Hazina undani wa VIIRS, lakini zinaonyesha moshi ukikua. Pia picha haisemi moshi uko kimo gani. Unaweza kuwa kilomita kadhaa juu ya paa na hewa ya chini ikawa safi, au ukawa umelala uwanjani. Mwenye mtoto wa pumu asiamue kwa picha hii, atafute kipimo cha vumbi laini kilichopo ardhini.

Tovuti yenyewe ni ya Kiingereza na inakula bando. Zima matabaka usiyoyahitaji, kuza eneo lako kabla hujabadilisha tarehe. Kizuri ni kwamba anwani ya ukurasa hubeba mahali, tarehe na matabaka uliyochagua. Mtu mmoja anaandaa, anaituma kwenye kundi la WhatsApp, na kila anayeibonyeza anakuta ramani ileile, hata kama hajui neno moja la Kiingereza. Sisi tunatuma yetu jioni, kuanzia Julai.