Tahadhari: Injini za ndege ndogo zinauzwa kama injini za magari ya modeli

Ndugu zangu mnaojenga magari ya modeli hapa Uganda, na hasa ninyi mnaotafuta injini ndogo ya mafuta badala ya mota ya umeme, nawaomba msimtumie pesa muuzaji anayejitangaza mtandaoni kwamba yuko Kampala na kwamba ana injini mpya za gari za cc 3.5 kwa shilingi 460,000. Anachotuma si injini ya gari, si kipya, wala hakifikii cc 3.5. Simtaji kwa jina kwa sababu anatumia majina mawili, na jina linalotokea kwenye simu unapomtumia pesa ni la tatu, ambalo huenda ni la mtu asiyejua lolote. Nitaieleza bidhaa yake na namna anavyoiuza, maana hayo hajayabadilisha tangu aliponiuzia mimi mwezi wa Machi.

Naishi Jinja, na kwa mwaka mmoja na nusu sasa mimi na mpwa wangu tumekuwa tukijenga Peugeot 404 kwa kipimo cha 1 kwa 8, yaani gari lenye urefu wa sentimita 55 hivi. Tuliichagua kwa sababu ndiyo iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, wakati mbio hizo zilipokuwa bado zikipita Uganda, na wazee wa hapa wanaikumbuka hadi leo. Fremu tuliikata wenyewe kwa bati la alumini, na iliyokuwa imebaki ni injini. Kwa magari ya kipimo hicho, cc 3.5 ndiyo saizi ya kawaida, ile ambayo kwenye makasha huandikwa .21 kwa kuwa hupimwa kwa inchi za ujazo. Muuzaji huyu aliyajua haya yote na aliongea kama fundi, akanitumia picha nne za injini nzuri yenye kichwa kikubwa cha kupoza na ekzosi inayotokea nyuma. Nilimtumia nusu ya bei kwa simu, naye akanitumia picha ya tiketi ya mzigo wa basi, nami nikamalizia nusu iliyobaki kabla ya kulifungua kasha. Hapo ndipo nilipokosea.

Ndani ya kasha mlikuwa na injini ya ndege ya modeli iliyovishwa kichwa cha gari. Kichwa chenyewe kilikuwa kimechongwa kwa mashine ya lathe na kutobolewa matundu mapya, na kwa mtu ambaye hajawahi kuishika injini ya aina hiyo kinaonekana sawasawa. Lakini ekzosi ilitokea ubavuni, na kabureta ilikuwa ya pipa linalozunguka kwa mkono mdogo wa pembeni, ambayo ni ya kawaida kwa ndege, ilhali injini nyingi za gari za saizi hii zina kabureta ambayo kizibo chake huteleza kuingia na kutoka. Ncha ya kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, ilikuwa ndefu, yenye nyuzi za nati ya propela na kisahani kipana cha chuma chenye meno ya kuing'ang'ania propela hiyo. Injini ya ndege hupozwa na upepo wa propela yake yenyewe, kwa hiyo ukiifungia ndani ya boneti ya gari, hata ingekuwa mpya kabisa, itapata moto kupita kiasi.

Nilipoifungua na kuipima kwa kalipa, kifaa cha kupimia vipenyo, nilikuta kipenyo cha pistoni ni milimita 15.2 na mwendo wake, yaani umbali inaopanda kutoka chini hadi juu, ni milimita 13.7. Ukizidisha nusu ya kipenyo kwa yenyewe, kisha kwa 3.1416, kisha kwa mwendo, unapata cc 2.5 pungufu kidogo. Injini halisi ya gari ya cc 3.5 huwa na kipenyo cha milimita 16.3 hivi na mwendo wa karibu milimita 16.8. Tofauti hiyo huwezi kuiona kwenye picha, na muuzaji anaitegemea.

Baya zaidi ni uchakavu. Injini nyingi ndogo za namna hii hazina ringi za kuziba pembeni mwa pistoni. Pistoni ya alumini hupanda ndani ya silivu, yaani bomba, ya shaba iliyopakwa kromiamu, ambayo imechongwa ikawa nyembamba kidogo sehemu ya juu, ili ikishapata joto na kutanuka vitu hivyo viwili vikutane barabara. Ndiyo maana injini mpya ikiwa baridi, hata ukitoa plagi na kuizungusha kwa mkono, hukaza pistoni inapofika kileleni, na nyingine hukaza hadi ukadhani imekwama. Hii yangu ilizunguka laini tangu chini hadi juu kama gurudumu la baiskeli. Beringi ya nyuma ilikuwa na kutu ya kahawia, jambo linaloipata injini inayotumia methanoli, aina ya alkoholi ambayo ndiyo mafuta ya injini hizi, ikiwa imewekwa bila kutiwa mafuta ya kuihifadhi, kwa kuwa methanoli hunyonya unyevu. Nje ilikuwa imesuguliwa ikang'aa, lakini chini ya kabureta mlibaki utando wa hudhurungi wa mafuta ya mbarika yaliyoungua, na utando huo hauwezi kuwa kwenye injini ambayo haijawahi kuwashwa.

Nilimwandikia kwa adabu, nikamweleza vipimo. Akajibu kwamba tatizo ni mwinuko wa nchi yetu. Ni kweli kwamba Kampala na Jinja ziko katika mwinuko wa karibu mita 1,200 na hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, hivyo sindano ya kabureta hufungwa kidogo ili mafuta yapungue, lakini mwinuko haupunguzi kipenyo cha pistoni wala hauleti kutu kwenye beringi. Kisha akanishauri nijaribu petroli ya kawaida. Nawaomba mlikumbuke neno hilo, kwa sababu mwenzetu mmoja wa Mbale aliambiwa hivyo hivyo. Plagi ya injini hizi haitoi cheche. Ina waya wa platini unaopashwa moto kwa betri ya volti 1.5 wakati wa kuwasha tu, na baada ya hapo waya hubaki mwekundu kwa sababu platini inakutana na mvuke wa methanoli. Petroli haiufanyii hivyo waya huo, na injini itazima mara tu betri inapoondolewa. Muuzaji anayekwambia uweke petroli kwenye injini ya plagi hiyo ama haijui bidhaa yake ama anakudanganya. Siku iliyofuata alinifungia, nisiweze kumpigia wala kumwandikia.

Mwenzetu wa Mbale na mwingine wa Mbarara walitumiwa picha zile zile nne, zenye mkwaruzo ule ule juu ya kabureta na kitambaa cha buluu kile kile chini yake. Huenda injini ile nzuri ya pichani hajawahi hata kuimiliki. Kwa hiyo mtu akikuuzia injini, mwombe video fupi, si picha, ambamo plagi imetolewa, kranki inazungushwa kwa mkono, na pembeni pana karatasi yenye jina lako na tarehe ya siku hiyo. Mwombe pia picha ya ncha ya kranki kutoka ubavuni. Mwenye bidhaa halali hatumii hata dakika tano kufanya hayo, ila huyu atakwambia kwamba wateja wengine wanasubiri. Ukiweza, mtume ndugu au rafiki aliye Kampala akaishike kwa mkono wake kabla shilingi yoyote haijatoka.

Anauza pia mafuta, kioevu cheupe ndani ya chupa za maji ya kunywa, na hapa nasema kwa uzito zaidi kuliko kuhusu pesa. Mafuta ya kweli ya injini hizi ni methanoli, nitromethani na mafuta ya kulainisha, ambayo mara nyingi ni zaidi ya sehemu 8 katika 100. Chupa niliyouziwa nilimwaga matone machache juu ya kioo, nje na mbali na moto, yakakauka bila kuacha hata alama ya mafuta. Injini ingekwama ndani ya dakika chache. Zaidi ya hayo, methanoli ni sumu inayopofusha na kuua, na moto wake hauonekani vizuri juani. Tunakumbuka watu waliokufa Kabale mwaka 2010 kwa pombe ya waragi iliyochanganywa na kitu hicho. Chupa ya namna hiyo haifai kuwemo katika nyumba yenye watoto.

Kwa wale ambao hawawezi kusubiri injini halisi kutoka nje, mota ya umeme ya saizi ya 540, yenye kipenyo cha milimita 36, inatosha kwa gari la kipimo cha 1 kwa 10, na mashine za kutobolea za betri zina mota za jamii hiyo. Mnaotaka mlio wa mafuta mnaweza kupanda hadi kipimo cha 1 kwa 5, ambapo hutumika injini za cc 23 hadi 32 za petroli iliyochanganywa na oili, ambazo ni ndugu wa injini za mashine za kukatia nyasi. Hizo unazikuta dukani, na unaweza kuomba ziwashwe mbele yako kabla ya kulipa. Sisi tumeamua kuiacha 404 yetu bila injini kwa sasa.

Nimeandikisha malalamiko polisi hapa Jinja. Ikiwa nawe ulitumiwa picha zenye kitambaa cha buluu, usifute ujumbe wake. Hifadhi namba ya muamala wa simu na tiketi ya basi, uandikishe katika kituo cha kwenu, kisha uniandikie ili namba za malalamiko yetu ziwekwe pamoja.