Kitambulisho cha Taifa Baada ya Miaka Mfukoni: Tathmini ya Mtumiaji

Kitambulisho cha Taifa hakiuzwi dukani, na raia wa Tanzania anayesajiliwa kwa mara ya kwanza hakilipii hata senti. Pengine ndiyo maana ni wachache wanaokipima kama wanavyopima simu au jokofu. Mimi nilijisajili mwaka 2019, mwaka ambao usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei. Niseme ukweli: wengi wetu tuliojipanga foleni siku zile hatukusukumwa na uzalendo. Tuliogopa kufungiwa laini kwa kukosa namba ya kitambulisho hiki, na tarehe ya mwisho iliposogezwa kutoka 31 Desemba hadi 20 Januari 2020, tulishusha pumzi na kurudi nyumbani kulala.

Huduma yenyewe huanzia mtaani. Unajaza fomu, mtendaji anaisaini na kuigonga muhuri, unaambatisha nakala ya cheti cha kuzaliwa na nyaraka za mzazi, kisha unafika mbele ya afisa uhamiaji ambaye anakuuliza ulizaliwa wapi, baba yako alizaliwa wapi, na babu yako je. Kuna waliokereka kwa maswali hayo. Mimi naona hapo ndipo penye uzito wa kazi nzima, kwa kuwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inatambua uraia wa kuzaliwa, wa kurithi na wa tajnisi (ule anaopewa mgeni aliyeuomba), na mtu hawezi kuandikwa kuwa raia kwa kuwa tu anazungumza Kiswahili vizuri.

Nilimpeleka pia bibi yangu, ambaye amelima kwa jembe la mkono maisha yake yote, na vidole vyake vimelika hata mashine ikashindwa kuvisoma. Kijana wa usajili hakumkaripia. Alichovya kitambaa kwenye maji, akamfuta kidole kimoja kimoja, akamwambia, “Bibi, legeza mkono.” Bibi akamjibu, “Mjukuu wangu, nimeulegeza tangu asubuhi.” Kwenye jaribio la tano gumba likasoma, na watu waliokuwa kwenye benchi wakapiga makofi. Kwa upole wa namna hiyo ninatoa alama zote.

Kuhusu bidhaa yenyewe, sina malalamiko makubwa. Ni kadi ngumu inayotoshea kwenye pochi, picha yake haimpendezi mtu yeyote ninayemjua, na namba yake ina tarakimu 20 ambazo nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, jambo linalorahisisha kuikariri. Kadi za awamu ya kwanza hazikuwa na saini ya mwenyewe, na dosari hiyo ilirekebishwa. Mwaka 2023 serikali iliondoa ukomo wa matumizi, uamuzi wa busara, maana uraia wa mtu haufiki mwisho kama bima ya gari. Kilichonisumbua ni kwamba namba ilitangulia na kadi ikafuata baadaye sana. Katika kipindi hicho nilitembea na karatasi niliyoichapisha na kuiwekea plastiki kwenye duka la vifaa vya kuandikia, na benki moja iliikataa katakata ingawa namba iliyokuwa juu yake ndiyo hiyo hiyo.

Hata hivyo, upungufu mkubwa ninaouona haumo kwenye plastiki. Kadi hii inakufungulia laini ya simu, akaunti ya benki na safari ya kuomba pasipoti, lakini siku ya uchaguzi utaulizwa kadi nyingine, ile ya mpiga kura. Vilevile, kuwa na namba peke yake si ushahidi wa uraia, kwa sababu wageni wakaazi na wakimbizi nao husajiliwa na kupewa vitambulisho vya aina yao. Ajabu ni kwamba katika hatua zote nilizopitia, hakuna aliyenipa hata ukurasa mmoja unaoeleza nilichokuwa ninathibitishiwa: haki ya kupiga kura kuanzia miaka 18 katika Ibara ya 5 ya Katiba, haki ya kushiriki katika utawala wa nchi katika Ibara ya 21, au wajibu ulioandikwa katika Ibara ya 25 hadi ya 28.

Wajibu huo unastahili kusomwa polepole. Kufanya kazi halali, kutii sheria na kulinda mali ya umma ni wajibu wa kila mtu aliyeko nchini, mgeni akiwemo. Ni Ibara ya 28, ya kulilinda taifa, inayomtaja raia. Tena katikati ya wajibu wa kutii sheria, Ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria ili Katiba ihifadhiwe, na ndiyo aliyoitegemea Mchungaji Christopher Mtikila alipokwenda mahakamani miaka ya 1990 kudai mgombea binafsi, yaani asiye na chama, aruhusiwe. Mgeni anayepewa uraia wa tajnisi hula kiapo cha utii. Sisi tuliozaliwa nao tunaweka saini kwenye kifaa cha kielektroniki na kuambiwa, “Anayefuata!” Sidai kiapo kwa kila mtu, foleni isingekwisha; nadai karatasi moja ya Kiswahili chepesi itolewe pamoja na kadi.

Kwa jumla naipa kadi nyota nne, wahudumu nyota nne, maelezo nyota moja. Kwa anayejiandaa kwenda: ukionyeshwa taarifa zako kwenye skrini, soma majina yako herufi kwa herufi kabla ya kusaini. Mimi niliandika jina la baba kwa “m” mbili kwenye fomu ilhali cheti kina moja, sikuhakiki, na herufi hiyo ilinigharimu hati ya kiapo na siku mbili za kazi.