Raba ya kitako cha bunduki niliyoambiwa "inaingia tu", uzoefu wangu

Nina shotigani ya zamani ya mbao, mbao yenyewe bado safi ila ile plastiki ngumu ya nyuma ya kitako ilishapasuka kona, ukifyatua bega linakoma. Nikaagiza raba ya kupunguza teke, muuzaji kaandika kabisa "inaingia tu, haina kazi". Weee! Imefika, naiweka naona imezidi pande zote, halafu matundu ya skrubu hayaendani na ya zamani, moja limeangukia nusu nusu na tundu la zamani yaani skrubu ukiikaza inateleza inarudi kulekule.

Afu unene. Plastiki ilikuwa milimita 6, raba ni 20, sasa kitako kimerefuka kikawa kinanasa kwapani kila nikiinua. Ikabidi nikate mbao milimita 14, nikazungushia tepu kwanza isichanike ukingoni, msumeno wa meno madogo, taratibu, roho mkononi.

Matundu nikaziba na vijiti vya mbao ngumu na gundi, kesho yake natoboa upya kijiti kimoja kikatoka na drili. Kumbe mwishoni pale nyuzi za mbao ziko wazi, mafuta ya miaka yote yamezama humo, gundi itashika wapi. Nikasugua na asetoni mara kadhaa, nikaacha ikauke, nikarudia, safari hii imekamata.

Kupunguza raba nilizungushia mbao tepu mara mbili nikasugua na msasa namba 80 uliofungwa kwenye kibao, ukianza kuchubua tepu ya juu unasimama. Vumbi lake jeusi linanuka hadi kesho, vaa barakoa. Pale chini nilizembea, nikaviringisha badala ya kufuata mstari wa mbao, ukiangalia kwa ubavu inaonekana kama kidevu kimeingia ndani, basi tena.

Raba yenyewe naisifu, laini na bega linashukuru, hata skrubu hazionekani maana unachana kidogo na wembe unapitisha bisibisi iliyopakwa sabuni, ukitoa panajifunga. Ila skrubu walizoweka ni laini kama mkate, kichwa kimoja kililika nikarudisha zangu za zamani.

Nyota 4 kwa raba, 1 kwa maelezo ya muuzaji. Pete za mkanda wa kubebea bunduki zilizokuja pakiti hiyohiyo nyuzi za skrubu zake hazishikani na za kwangu, zipo kwenye droo.