Fundi wa Majengo, Mtwara: hakubadilisha kifaa, alifuta nyota moja tu

Kama uko Mtwara mjini na laptopu inakuganda halafu umeshaambiwa ununue kibodi mpya, subiri kwanza usitoe hela.

Mi ndo natunza orodha ya wakulima wa kupewa salfa (dawa ya mikorosho) wa chama chetu cha msingi, naandikia kwenye Emacs, programu ya kuandikia kwenye kompyuta, watu wananicheka ila nimeizoea. Wiki iliyopita ikaanza, kila nikisevu inaganda. Ctrl+G ambayo ndo breki ya Emacs haifanyi kitu, nabonyeza mara moja, mara mbili, kioo kimyaa na feni inavuma kama mashine ya kukoboa. Sehemu ya kwanza niliyoenda (siitaji) jamaa hata kuigusa hakuigusa, kasema kibodi imekufa, elfu hamsini na tano.

Nikaibeba hivyohivyo ikiwa imeganda mpaka kwa huyu dada wa Majengo, kibanda kidogo kimejaa simu za watu. Swali lake la kwanza: "Ilianza lini, na kabla ya hapo uligusa nini?" Nikamwambia sijagusa kitu. Uongo, tutafika huko.

Akabonyeza Caps Lock, taa ikawaka, akabonyeza tena ikazima. "Kibodi nzima hii kaka." Akafungua teminali pembeni, dirisha la kuandikia amri, akaandika top, amri ya kuonyesha programu ipi inakula nguvu ya kompyuta, Emacs peke yake inakula prosesa asilimia 100. Hapo akanielewesha: Ctrl+G zako zote zimefika, Emacs imeweka alama kwamba mwenyewe anataka isimame, ila kuna kodi (maagizo ya programu, siyo ya TRA) imeiambia isikatishwe mpaka imalize, na kazi yenyewe haiishi.

Mi nikataka aizime kwa nguvu tu, akakataa, majina ya asubuhi nzima hayajasevika. Akaandika kill -USR2 na namba ya Emacs, amri ya kuigutusha bila kuizima, ikashtuka, ikaonyesha ilikuwa inafanya nini muda wote ule, na nani yuko pale? Kikodi changu mwenyewe! Nilikiweka Ijumaa, cha kufuta nafasi mwishoni mwa mistari kabla ya kusevu, na kwa ujanja wangu nikakifunga ndani ya inhibit-quit ili kisikatishwe katikati. Sasa nilikiambia kitafute nafasi na nyota mbele yake, na nyota maana yake hata kama hakuna nafasi ni sawa, kwa hiyo kikifika mwisho wa mstari kinafuta hewa, kinatafuta tena palepale, kinapata hewa tena, mpaka kiama. Dada akafuta nyota akaweka alama ya kujumlisha, yaani lazima iwepo nafasi angalau moja. Ile inhibit-quit akaitoa, akaniangalia tu, hakusema neno. Nikasevu, ikapita sekunde hiyohiyo, hakuna jina lililopotea.

Elfu kumi. Nikataka kuomba ipungue nikakumbuka elfu hamsini na tano, nikalipa kimya.

Lawama zangu: simu hapokei kabisa, benchi la kusubiria lipo juani, na ukikuta foleni ya vioo vya simu utakaa sana maana hana msaidizi. Risiti mpaka udai. Ijumaa anafunga saa sita kasoro anarudi saa nane, usiende kugonga. Na ukiulizwa uligusa nini, sema ukweli, mi nilimpotezea nusu saa.