Jiko Lipi la Kununua Dar es Salaam, Tangu Presha Kuka ya Umeme hadi Jiko Banifu

Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam nishati kubwa haimalizwi na taa wala televisheni, bali humalizwa jikoni, hasa siku ya kuchemsha maharage au makande. Kwa hiyo anayetaka kupunguza mchango wa nyumba yake katika mabadiliko ya tabianchi, na mfuko wake unamruhusu kununua kifaa kimoja tu kwa sasa, aanze na jiko. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034, lakini mteja aliyesimama dukani Kariakoo bado anapaswa kuamua mwenyewe achukue kipi. Majiko hayo nimeyapanga kwa kutazama nishati inayopotea kabla ya kufika kwenye chakula, na kama jiko lenyewe linafaa kwa mapishi yetu ya kila siku.

Nafasi ya kwanza ni ya presha kuka ya umeme, tena kwa mbali. Mvuke uliobanwa ndani hupandisha joto la maji kupita nyuzi 100, na joto likishatosha kifaa hujizima na kujiwasha chenyewe kwa vipindi vifupi, hivyo ile namba ya wati 1,000 iliyoandikwa kwenye kibandiko isimtishe mtu. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha huiva bila kumaliza uniti moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ilhali jiko la umeme la koili likipika maharage hayohayo kwa saa mbili linaweza kula karibu uniti mbili. Umeme wa gridi nao, tangu Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 lilipoanza kuzalisha mwaka 2024, unatokana kwa sehemu kubwa na maji ya Mto Rufiji, ingawa gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay bado ina sehemu yake.

Kwa familia ya watu watano, lita 6 zinatosha. Kabla ya kulipa, toa mpira unaozunguka mfuniko, uukague kama una mikunjo au nyufa, kisha muulize muuzaji kama mpira huo unauzwa peke yake, kwa maana ukichakaa mvuke hautabanika tena na presha kuka itakuwa sufuria ya kawaida tu. Mwombe pia aichomeke na kuchemsha maji hapohapo dukani, uone kama inashika presha bila kuvuja pembeni. Nyumbani ichomeke moja kwa moja ukutani, si kwenye ekstensheni nyembamba inayopata moto. Aliye katika daraja la bei nafuu la matumizi madogo ya umeme, lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, atazame kwanza matumizi yake ya sasa ili asije akavuka kiwango hicho bila kutarajia.

Presha kuka haisongi ugali wala haichomi chapati, na kwa ajili hiyo naiweka gesi ya mtungi katika nafasi ya pili, kama mwenzake na si mpinzani wake. Gesi hii ni nishati ya kisukuku inayoingizwa kutoka nje, hivyo haina usafi wote inaosifiwa nao, lakini kwa moto wa haraka inaushinda mkaa waziwazi. Unapojaza mtungi wa kilo 6 au 15, soma uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa kwenye mtungi wenyewe, ujumlishe kilo za gesi, na umtake muuzaji aupime kwenye mizani mbele yako. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama sakafuni, kwa hiyo mtungi ukae karibu na mlango, na maungio yapakwe povu la sabuni kila unapobadilishwa.

Jiko la indaksheni, yaani jiko la umeme linalopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, ni la tatu. Linapoteza joto kidogo sana, ila sufuria za alumini zilizojaa majikoni mwetu hazifanyi kazi juu yake. Nenda dukani na sumaku, na sufuria isiyoishika uiache. Koili ya kawaida inafuata, na sababu ya kuinunua ni unafuu wa bei yake tu.

Mwisho ni mkaa. Katika tanuri la asili la udongo, kilo moja ya mkaa hutumia kati ya kilo 5 na 10 za kuni, na moshi wake hubeba methani, gesi inayopasha dunia joto zaidi ya mara 20 kuliko kaboni dioksidi kwa kipindi cha miaka 100. Hasara hiyo imeshatokea huko Pwani au Morogoro kabla gunia halijafika mjini, na hakuna jiko linaloweza kuirudisha. Asiye na umeme wa uhakika wala fedha ya mtungi achague jiko banifu lenye udongo uliochomwa vizuri, usio na ufa, ulioshikana na bati pande zote, kwa sababu hutunza joto na kupunguza mkaa unaotumika. Jiko la bati tupu asilinunue.